Kishimo cha Kumi na Tatu

Kile kibano nilikichukia kabla sijakitoa kwenye boksi. Mimi ndivyo nilivyo, nachukia mapema, halafu baadaye naangalia kama nilikosea. Mume wangu nilimchukia miezi minne mizima kabla ya kumpenda, na mpaka leo tunakaa vizuri.

Kililetwa na mkuu wa karakana, ambaye ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimbeba mgongoni huyu, nikamfuta makamasi, na sasa ana ofisi yenye mlango. Kwa kuwa yeye ananiita Shangazi, karakana nzima inaniita Shangazi, hata wateja wenye mvi kunizidi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Jamani, nimekuja kukusalimia tu."

"Na boksi je, nalo limekuja kunisalimia?"

Akacheka, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na kibano cha kushikia vitu vidogo, kama vile tunavyotumia kila siku, ila hiki kilikuwa kinene mgongoni, kina kioo cha kuonyesha namba, na ncha zake mbili zimepakwa dhahabu. Ni kipimo. Unakibana nacho kitu, risista au kapasita, vile vipande vya ndani ya mashine za umeme, hata kiwe kidogo kuliko chembe ya sukari, na papo hapo kioo kinakuambia ni kitu gani na kina kiasi gani. Mita zetu za kawaida zina waya mbili, kila mkono unashika mmoja, na hapo ndipo unapotamani ungezaliwa na mkono wa tatu wa kushikia kile unachokipima.

"Kijaribuni wewe na Miwani," alisema. "Wiki moja inatosha. Kikifaa, nanunua vitano, kila meza kimoja. Kisipofaa tunakirudisha na hatulizungumzii tena. Neno lako ndilo la mwisho, Shangazi."

Sisi tunatengeneza mashine za kusikia, zile ndogo zinazokaa nyuma ya sikio. Ukiifungua moja utakuta bodi ya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na juu ya bodi hiyo vitu thelathini, arobaini, vimejipanga. Mashine iliyoshindikana kwenye meza nyingine zote huletwa meza ya dirishani. Meza ya dirishani ni yangu. Kaka yangu ndiye aliyenikalisha pale karakana ilipofunguliwa, miaka ishirini na saba iliyopita, akasema mkono wangu hautikisiki hata nyumba ikiungua.

Basi mkono huo sasa unatikisika. Ulianza mwanzoni mwa mwaka, mkono wa kulia, kidogo tu, na sikumwambia mtu. Nilijifunza kukiegemeza kidole cha mwisho juu ya meza, nikatoa pumzi, nikaibana, kisha ndiyo nagusa. Chai nikawa naomba iwekwe mezani, sipokei mkononi, mpaka wenzangu wakadhani nimeanza kuringa. Mwandiko wangu wa kuunganisha, ambao shuleni ulinipatia zawadi, niliuacha, nikawa naandika kwa herufi kubwa mojamoja, kwa sababu herufi kubwa hazichongei sana. Kama ingejulikana, ningehamishiwa mapokezi siku hiyo hiyo. Huko kuna kiti cha mto na feni. Mimi sikutaka mto wala feni, nilitaka meza yangu.

Nilikiwasha kibano, nikabana kapasita ya nanofaradi mia moja ambayo naijua vizuri. Kioo kikaandika mia moja. Kisha tisini na sita. Kisha mia na tatu, kisha vistari vitupu, kisha tisini na tisa, na kapasita yenyewe ikaruka, ikapotelea sakafuni. Nikajaribu nyingine, mambo yakawa yaleyale. Kwa mita ya waya naweza kuegemeza kidole, lakini kibano kinashikwa hewani, na ukilegeza au kukaza kidogo tu, namba inahama. Siri niliyoificha miezi minane, kitu kile kiliichukua kikaiandika kwenye kioo, tena na taa nyuma yake.

Halafu nikakata shauri: kibano kinayumba. Kibovu. Kirudi kilikotoka.

Sasa nimtaje Miwani. Meza yake inatazamana na yangu, na katikati yetu kuna mtoto wa meza tunayeshirikiana, ambamo tunaweka karatasi na biskuti. Tunamwita Miwani kwa sababu anavaa miwani mbili kwa wakati mmoja, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na huwa anaitafuta ya tatu. Ni fundi kweli, mkono wake ni mtulivu ajabu, maneno yake ni machache. Ananiita dada ingawa kanizidi miaka mitatu. Ila macho yamemchoka. Kwa mwaka mzima alikuwa ananisogezea mita yake na kusema "dada, hapo imeandika nini?" nami nilikuwa namsomea. Miezi miwili nyuma aliona aibu kuuliza, akasoma mwenyewe, akaweka risista isiyo yake. Mashine ile ilirudi na mwalimu mstaafu aliyesema inampigia mluzi sikioni hata akiwa kanisani. Baada ya hapo mtoto wa kaka aliniita ofisini, akafunga ule mlango wake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwisho wa mwaka labda wampumzishe Miwani.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki kujisafisha. Namba za kile kibano ni kubwa, nyeupe, zinawaka, na mara ya kwanza nilipoziona nilijua kabisa ni nani angezifurahia. Nikajiambia, Miwani nitaendelea kumsomea mimi, amepungukiwa nini? Nikajiambia hivyo mara kadhaa mpaka nikaanza kukubali.

Jaribio nilipanga kwa utaratibu wetu, maana hata ukitaka kukionea kitu, kionee kwa utaratibu. Nilichukua kisahani chenye vishimo ishirini vyenye namba. Kishimo cha kwanza mpaka cha kumi niliweka risista, na cha kumi na moja mpaka cha ishirini kapasita. Risista kubwa kubwa huandikwa namba mgongoni, lakini kapasita hazina alama yoyote. Ni vipande vya rangi ya kahawia, na ukizichanganya hata aliyezitengeneza hawezi kuzitambua kwa macho. Zote ishirini nilizipima kwanza kwa mita kubwa ya mezani, ile iliyo chumba cha stoo, ambayo ina mdomo wake wa kubania na haijali mkono wa mtu. Hizo ndizo namba za kweli. Baada ya hapo kila mpimaji anapima peke yake kwa kibano, anajaza karatasi yake, na haruhusiwi kuona ya mwenzake.

Nilipima mimi siku ya kwanza. Namba zilicheza ngoma, nami niliziandika zote, moja baada ya nyingine, kwa herufi zangu kubwa, na roho ikaburudika kila namba ilipozidi kuwa mbaya. Nilikuwa kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati la bibi harusi kutafuta vumbi. Kishimo cha kumi na tatu kilikuwa na ile ya nanofaradi mia moja, na cha kumi na nne ya arobaini na saba. Nilipokuwa nairudisha hii ya kumi na nne, mkono uliruka, ukagonga ukingo wa kisahani, na ya kumi na tatu nayo ikatoka kwenye kishimo chake. Zote mbili zikawa juu ya kitambaa cha meza, zimelala kimya, zimefanana kama pacha. Nilishtuka mpaka kiti kikalia. Nikazirudisha haraka, hii huku na hii huku, nikainua macho kuona kama Miwani ameniona. Alikuwa ameinamia kazi yake.

Siku ya pili akachukua kisahani na kibano, akaenda navyo meza ya nyuma. Alikaa huko zaidi ya saa nzima. Nilimsikia akikohoa, nikamsikia akicheka kidogo peke yake, jambo ambalo si kawaida yake. Aliporudi alikuwa mkavu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kinayumba," akasema.

Nilitoka kidogo, na niliporudi akanipa karatasi. Niliipitia, na kweli, namba zake nazo zilikuwa zinapanda na kushuka, mia moja, tisini na saba, mia na mbili. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona kumbe si mimi. Kwa muda wa mchana mmoja niliamini mkono wangu ni mzima na kibano ndicho kibovu, na siku hiyo nilipokea chai mkononi. Nilimwagikiwa, lakini nilisema kikombe kimejaa mno.

Ripoti niliiandika ikawa ya ukurasa mmoja. "Kipimo hiki hakitulii. Wapimaji wawili, kila mmoja peke yake, wamepata matokeo yaleyale. Nashauri kirudishwe." Ilikuwa ripoti nzuri. Ilibaki kutia sahihi.

Ila kuna kanuni moja ambayo kaka yangu alituachia, na hakuna fundi wa karakana hii anayeivunja. Kabla hujakiita kipimo kibovu, unarudi kwenye mita kubwa na kupima upya vile vitu ulivyokijaribia, usije ukakisingizia kumbe vitu vyenyewe vimeharibika. Aliwahi kurudisha mita nzima, akatukanana na muuzaji kwa barua tatu, kisha akagundua risista yake ndiyo iliyopasuka. Kwa hiyo nilikibeba kisahani mpaka stoo, nikawa nabandika kimoja kimoja kwenye mdomo wa mita kubwa. Cha kwanza sawa. Cha pili sawa. Nikaenda hivyo mpaka cha kumi na mbili.

Cha kumi na tatu: arobaini na saba.

Cha kumi na nne: mia moja.

Nilicheka. Nikasema, mwanamke wewe, ulizirudisha kinyume. Nikachukua kalamu ili nisahihishe, na ndipo kalamu iliponisimama mkononi.

Zilibadilishana vishimo siku ya kwanza, baada ya mimi kuzipima. Miwani alipima siku ya pili. Kwenye karatasi yake, kumi na tatu ilipaswa kuwa arobaini na saba. Nilikimbia kuitoa. Ilikuwa mia moja, inayocheza, na ya kumi na nne arobaini na saba, inayocheza pia. Nikaiweka kando ya karatasi yangu. Aliongeza moja hapa, akatoa moja pale. Ilikuwa karatasi yangu, imeandikwa upya kwa mkono uliotulia.

Nilimkuta anamalizia chai. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikaweka karatasi zote mbili mezani.

"Kaka, hukupima."

"Nimepima."

"Hii umenakili kwangu. Umefungua mtoto wa meza nilimoiweka karatasi yangu."

Akavua miwani ya puani, akavua na ya kwenye paji. Bila miwani uso wake unakuwa kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Umejuaje?" akauliza.

"Kumi na tatu na kumi na nne."

Akajipiga paji la uso. "Zile zilizodondoka! Nilikuona zinadondoka, wallahi, nikasema nikumbuke. Nikasahau wakati nanakili. Sijazoea uongo, dada, unataka kichwa."

"Uliniona?"

"Kiti kililia."

"Na mkono?" Sikujua kama nitaweza kulisema neno hilo mpaka nilipolisikia. "Mkono umeujua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kupokea chai."

Yaani tangu mwanzo. Miezi minane niliyobana pumzi, mtu aliyekaa hatua moja kutoka kwangu alikuwa anajua, na hakuwahi kuniuliza hata "unaumwa?" Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga na kikombe.

"Karatasi yako ya kweli iko wapi?"

Kisha akafungua kasha la miwani yake ya tatu, ile anayoitafuta kila siku kumbe iko mfukoni, na chini ya miwani palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Namba ishirini, kila moja imetulia, kila moja inalingana na mita kubwa mpaka tarakimu ya mwisho. Kumi na tatu: arobaini na saba. Kumi na nne: mia moja. Chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni, ambayo Miwani huwa anaiacha wazi, alikuwa ameandika: "Namba 13 na 14 zimebadilishana vishimo. Zote ishirini nimezisoma mwenyewe."

Nikakumbuka kile kicheko alichocheka peke yake kule meza ya nyuma.

"Una wazimu?" nikamwambia, na sauti yangu ilipanda mpaka meza za jirani wakageuka. "Mwisho wa mwaka wanataka kukupumzisha! Hiki kibano ndicho..."

"Najua."

"Nani kakwambia?"

"Wewe mwenyewe. Tangu siku ile umetoka ofisini unanisomea hata vitu ambavyo sijakuuliza. Juzi umenisomea kalenda." Akavaa miwani moja. "Nikitoa karatasi hii, watauliza kwa nini ya kwangu imetulia na ya kwako haijatulia. Meza ni yako, dada. Mimi nishazoea kusomewa."

Nilikasirika, na hasira ile sikuwa na pa kuipeleka. Yeye alikuwa tayari kwenda nyumbani ili mimi nibaki dirishani. Na mimi, ambaye nilijua kibano kile kingemsaidia, nilikuwa nakaribia kutia sahihi kirudishwe. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupunguza. Nilimwambia nilijua tangu siku ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, kunywa chai," na akakiweka kikombe mezani, si mkononi mwangu.

Ripoti ya kwanza niliichana. Ya pili ilikuwa fupi zaidi. Niliambatanisha namba za mita kubwa, karatasi yangu, na ile iliyotoka kwenye kasha la miwani. Niliandika kwamba kipimo ni kizuri, kwamba kinasomeka vizuri kwa mtu mwenye macho hafifu, kwamba hakifai kupimia kitu kikiwa bado kimelehemiwa kwenye bodi, na kwamba ncha zake zifutwe kila asubuhi. Kisha nikaandika sentensi ya mwisho, nikaisoma mara moja tu, nikaipeleka nisije nikabadili mawazo.

Mtoto wa kaka aliisoma akiwa amesimama. Alipofika chini, akaketi.

"Shangazi," akasema. "Hii unataka ibaki?"

Sentensi ilisema: "Karatasi ya mpimaji wa kwanza isihesabiwe, kwa sababu mkono wake unatetemeka tangu mwanzoni mwa mwaka."

"Ibaki."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekwambia. Imeandikwa hapo. Na Miwani hapumzishwi mwisho wa mwaka, hilo nalo ni neno langu la mwisho, ulisema mwenyewe liko kwangu."

Alitaka kuniambia maneno matamu, nilimwona anayatafuta. Nikamwahi, nikamwambia ajipangusie machozi mwenyewe, mimi siku hizi sifuti pua ya mtu. Akacheka huku analia, kama alivyokuwa akifanya udogoni akianguka.

Nimehama mwenyewe kabla ya kuhamishwa. Sikwenda mapokezi. Nilichukua kiti kilekile cha zamani, nikakizungusha upande wa pili. Sasa Miwani anakaa dirishani na kibano, nami nakaa alipokuwa anakaa yeye, na daftari la vipimo liko mbele yangu. Siku ya kwanza alibana kapasita, akakisogeza kioo mbali kidogo na uso wake, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Mia moja!"

"Nimesikia," nikasema. "Mashine za kusikia tunazitengeneza, hatuzivai."

"Mia moja kamili!" akarudia, ameachia meno yote. Miwani ya kwenye paji alikuwa ameivua, ipo juu ya dirisha.

Nikaandika. Nilianza kwa herufi kubwa, kwa mazoea, halafu nikaacha, nikaunganisha kama nilivyofundishwa shuleni. Mwandiko ulitetemeka mstari mzima, kutoka upande mmoja wa daftari mpaka wa pili, na Miwani aliutazama, akauelewa, akabana nyingine.

"Arobaini na saba," akasoma.